Himo, Mji Ulioshonwa na Barabara

Basi litokalo Dar es Salaam likishaipita Mwanga, abiria wa Kilimanjaro huanza kutafuta viatu vyao chini ya viti. Wamekaa zaidi ya kilomita 500. Milima ya Upare iliyowasindikiza kwa mkono wa kulia tangu Same inakwisha, na mbele, kama mawingu yameridhia, vilele vya Kibo na Mawenzi vinajitokeza. Kisha barabara inagota kwenye barabara nyingine. Kushoto ni Moshi na Arusha. Kulia ni Himo, Holili na mpaka wa Kenya. Wapiga debe wanalivamia basi kabla halijasimama, kila mmoja akiita upande wake wa mlima: Marangu, Mwika, Mkuu, Tarakea. Mabegi yanashushwa, Noah zinajazwa kupita hesabu ya viti vyake, na dakika kumi baadaye basi limekwenda zake.

Kwa Watanzania wengi hiyo ndiyo Himo yote: dakika kumi, chupa ya maji na hindi la kuchoma. Hata jina wanalolitumia ni la barabara. Husema wameshukia Njia Panda, ilhali mji wenyewe uko mbele kidogo, upande wa mashariki, kwenye barabara ya Holili, pale inapochepuka njia ya kupanda Marangu na Rombo. Makala hii inawaomba wasafiri hao wasipande Noah upesi hivyo.

Miji mingi ya nchi hii ina baba anayejulikana. Moshi ya leo ilikuja na reli ya Wajerumani kutoka Tanga. Mwadui ni mtoto wa almasi. Himo ni vigumu kuitajia baba. Imekaa juu ya mishono miwili inayopita karibu karibu: mmoja ni wa maumbile, pale mlima unapokabidhiana na tambarare, mwingine ni wa wino, mpaka uliochorwa Ulaya mwaka 1886. Anayetaka kuielewa Himo afuate mishono hiyo, na atazame kila mara mkono wa serikali ulipojaribu kuikaza au kuilegeza, mji uligeuka vipi.

Ni afadhali kuanza na maji. Mto Himo, uliouachia mji jina, unazaliwa kwenye misitu ya Kilimanjaro upande wa kusini mashariki, unakatiza chini ya barabara kuu na kwenda kujiunga na Ruvu. Hii si Ruvu ya Bagamoyo. Ni ile itokayo Ziwa Jipe. Maji hayo yanaingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, yanatoka upande wa pili yakiitwa Pangani, yanazungusha mitambo ya umeme kule Hale, kisha yanamezwa na Bahari ya Hindi. Kwa hiyo tone lililonyesha Kilema, juu mlimani, laweza kuwasha taa ya mtu wa Tanga aliyewahi kupita darajani Himo bila kuutupia macho mto.

Mvua nayo ina ubaguzi wake. Ukanda wa msitu upande wa kusini wa mlima hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Tambarare iliyo chini yake haipati hata nusu ya hizo. Kutoka Himo hadi Marangu Mtoni ni kama kilomita 12 tu, lakini anayepanda anaacha migunga na vumbi jekundu na kuingia kwenye migomba, kahawa na kibaridi cha kumfanya mtu aulizie sweta. Wachaga walijipangia maisha kwa mujibu wa tofauti hiyo. Juu kilikuwa kihamba: nyumba, migomba, baadaye kahawa, ng'ombe wa zizini, na mfongo, yaani mfereji uliochotwa mtoni na kuongozwa ubavuni mwa mlima kwa hesabu ya macho. Chini lilikuwa shamba la mahindi, maharage na ulezi wa kupikia mbege, pamoja na majani ya kulishia wale ng'ombe wa juu. Wanawake ndio waliopanda na kushuka. Walishuka na ndizi, wakapanda na mzigo wa majani kichwani, na miguu yao ndiyo iliyoichora barabara ya Himo hadi Marangu kabla ya mhandisi yeyote.

Lakini kulala huko chini ilikuwa habari nyingine. Tambarare ilikuwa na mbu, na homa yake ilimwogopesha mtu wa mlimani kuliko simba. Ndiyo maana kwa muda mrefu eneo hili lilikuwa mahali pa kufanyia kazi, kubadilishana vitu na kuondoka. Jina la kata ya Makuyuni, ambayo Himo imekua ndani yake, linasimulia hali hiyo: mikuyu, miti ipendayo kingo za mito, ndiyo iliyokuwa alama ya mahali kabla ya maduka.

Wafanyabiashara walikuwapo hata hivyo. Ng'ambo ya tambarare, Ugweno katika Upare ya Kaskazini, palikuwa na wafua chuma hodari, na wahunzi wa mlimani walitegemea chuma chao kwa majembe na mikuki. Upande wa mashariki, kama mwendo wa siku moja, palikuwa na Taveta: msitu mzito kando ya Mto Lumi, ambamo misafara ya Waswahili kutoka Mombasa na Pangani ilipumzika, ikanunua chakula na kujipanga kabla ya kuingia Umasaini. Kati ya Taveta na himaya za Kilema na Marangu ilitandaa nyika ambayo kila msafara ulilazimika kuivuka. Himo ya leo iko ukingoni mwa nyika hiyo.

Mmoja wa waliovuka alikuwa Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akiishi Rabai, karibu na Mombasa. Tarehe 11 Mei 1848, akiongozwa na kiongozi wa misafara aliyeitwa Bwana Kheri, aliona weupe juu ya mlima. Siku chache baadaye alikuwa Kilema, mgeni wa chifu wa huko, Mangi Masaki. Taarifa yake ilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, aliikataa kabisa: theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Watu wa Kilema walioukodolea macho mlima huo kila asubuhi hawakuulizwa.

Mshono wa pili ulikuja miaka 38 baadaye. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alifanya mapatano na wazee wa Taveta. Mwaka huohuo Carl Peters alikuwa bara akikusanya saini za machifu kwa ajili ya Wajerumani. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yaliusuluhisha ugomvi kwa rula. Mstari utoke mdomo wa Mto Umba hadi Ziwa Jipe, upite katikati ya nchi ya Wataveta na nchi ya Wachaga, uzunguke mguu wa Kilimanjaro kwa kaskazini, halafu unyooke hadi Ziwa Viktoria. Hadithi kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake Kaiser Wilhelm mlima huo kwenye siku yake ya kuzaliwa ni tamu, nayo bado inasimuliwa kwa watalii, lakini haina miguu: Wilhelm II alipanda kiti cha enzi mwaka 1888, miaka miwili baada ya mpaka kuandikwa. Ukweli una ladha ndogo ila una uzito zaidi. Taveta na Uchaga, zilizokuwa zikilishana na kuoana, zilitengwa na maneno machache ya mkataba, na njia ya kawaida ya kwenda sokoni ikawa njia ya kuvuka nchi.

Kwa miaka 28 ya mwanzo mstari huo haukuwa mkali. Agosti 1914 ukawaka moto. Tarehe 15 mwezi huo askari wa Wajerumani waliiteka Taveta, na kwa mwaka mmoja na nusu wakajichimbia kwenye vilima vya mpakani. Mapigano ya kilima cha Salaita, tarehe 12 Februari 1916, yanastahili kukumbukwa kwa sababu ya kejeli yake. Askari wazungu wa Afrika Kusini, wageni kabisa wa vita hivi, walikishambulia kilima huku wakiwadharau askari wa Kihindi waliopigana upande wao na askari Waafrika waliokuwa upande wa adui. Kabla ya jioni walikuwa wakirudi nyuma mbele ya askari haohao Waafrika, na Wabaluchi wa jeshi la India ndio waliowakinga wasiangamie.

Mwezi uliofuata Jenerali Jan Smuts alikuja na nguvu kubwa. Taveta ilirudi mikononi mwa Waingereza, vilima vya Latema na Reata vikapiganiwa usiku wa tarehe 11 na 12 Machi, na katikati ya Machi Moshi ilikuwa imeshachukuliwa. Wajerumani walirudi nyuma kuelekea Kahe. Nyika ya Himo ikawa kapu la farasi, magari, mizinga, na juu ya yote wapagazi. Hao wapagazi, ambao kikosi chao kiliiachia Dar es Salaam jina la Kariakoo, walikufa wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Makaburi ya askari yanatunzwa vizuri pale Taveta. Ya wapagazi mtu ayatafute.

Vita viliacha kitu kimoja cha faida: reli. Waingereza walikuwa wametandika njia ya kijeshi kutoka Voi kuwafuata adui, nayo ikaunganishwa na reli ya Tanga pale Kahe. Mwaka 1924 ikawa njia rasmi ya biashara. Ghafla Moshi ilikuwa na milango miwili ya bahari, Tanga na Mombasa. Himo haikupata stesheni ya maana wala yadi ya treni. Reli ilikatiza tambarare na kuiacha barabara ijitafutie riziki yake. Aliyeitazama ramani mwaka huo angesema mji umepunjwa. Leo njia ya Voi imelala chini ya nyasi kwa miaka mingi, na malori yanapita Himo usiku na mchana.

Wakati huohuo mlimani kulikuwa na mapinduzi ya kimya. Kahawa, ambayo wamisionari wa Kikatoliki waliipanda Kilema mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa imeingia kwenye vihamba vya wananchi. Wakulima waliunda chama chao mwaka 1925 chini ya Joseph Merinyo, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Pesa ya kahawa ilijenga shule, ikapeleka watoto Makerere, ikaezeka mabati. Ilifanya pia jambo ambalo halikutarajiwa: watoto walibaki hai, watu wakaongezeka, na kihamba kilichogawanywa kwa wana watatu, halafu kwa wajukuu tisa, kikafika mahali pa kutogawanyika tena. Aliyekosa kihamba alitazama chini. Dawa za malaria na za kuua mbu ziliifanya tambarare ikalike, na eneo la kufanyia kazi na kuondoka likaanza kupata watu wa kulala hapo.

Kiutawala Himo iko Vunjo. Ni jina la zamani la upande wa kati wa mlima, lenye Kilema, Kirua, Marangu, Mamba na Mwika. Mwaka 1946 Waingereza waliipa Mangi Mwitori wake, yaani mangi mkuu wa eneo lote, Petro Itosi Marealle, na leo ni jimbo la uchaguzi. Lahaja yake, Kivunjo, ina umaarufu ambao wenyeji wengi hawaujui. Mtaalamu wa saikolojia ya lugha wa Marekani, Steven Pinker, katika kitabu chake cha mwaka 1994, alikitumia kitenzi kimoja cha Kivunjo, cha kula, kuwashangaza wasomaji wake: neno moja linalobeba mtenda, wakati, kitu kinacholiwa na mtu ambaye kinaliwa kwa niaba yake. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kusema "alimpikia", atashangaa wanashangaa nini.

Sasa turudi mpakani, maana hapo ndipo Himo ilipopata sifa yake, nzuri na mbaya.

Mwaka 1975 baridi kali iliiua mibuni ya Brazil, na kufikia 1977 bei ya kahawa duniani ilikuwa haijawahi kuonekana. Tanzania ilikuwa imevunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, KNCU kikiwemo, na mkulima sasa aliuza kwa mamlaka ya serikali iliyolipa kidogo na kwa kuchelewa. Ng'ambo, kwa mwendo wa miguu, Kenya ililipa zaidi na kwa sarafu iliyonunua kitu. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa mahututi, Tanzania iliufunga mpaka. Bei ilikuwa juu, mlango umefungwa, na vichaka havina kufuli. Haihitajiki elimu ya uchumi kujua kilichofuata. Kahawa ilikwenda mashariki kwa vichwa, kwa punda na kwa baiskeli. Sabuni, sukari, dawa ya meno na mafuta ya Kimbo vikaja magharibi. Neno magendo lilikuwa la nchi nzima, ila kwa watu wa Himo, Holili na Rombo lilikuwa na njia zake zenye majina, miti ya kupumzikia na saa za doria.

Ni rahisi leo kuwaita wote wahalifu, na ni rahisi vilevile kuwapamba kuwa mashujaa. Walikuwamo matajiri waliohonga na kujenga maghorofa. Walikuwamo pia kina mama ambao kipande cha sabuni cha kufulia nepi hakikupatikana duka la kijiji kwa mwezi mzima. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha msako dhidi ya wahujumu uchumi, na nchi nzima watu wakatupa bidhaa porini na mitoni wasikutwe nazo. Novemba mwaka huohuo mpaka ulifunguliwa tena. Bajeti ya 1984, iliyosomwa na Cleopa Msuya, mtu wa Usangi katika milima ileile inayoonekana kutoka Himo, iliruhusu wenye fedha zao za kigeni waingize bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Kwa usiku mmoja ujuzi wa magendo ukawa ujuzi wa biashara. Waliojua bei za Taveta na Mombasa, waliojua nani anaaminika kwa mkopo, walikuwa na mtaji ambao haukuhitaji benki.

Zamu ya mahindi ilifuata. Kenya mara kwa mara hupungukiwa mahindi, Tanzania mara kwa mara huwa na ziada, na Himo imekaa katikati kama mizani. Magunia ya lumbesa yanafika kutoka Manyara, Dodoma na hata Nyanda za Juu Kusini. Madalali wanayapokea, wabebaji wanayapakua, na bei inasemwa kwa shilingi za nchi mbili. Serikali ikiona njaa inanukia, huzuia mahindi kuvuka, kama ilivyofanya mwaka 2011 na tena Juni 2017, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipotangaza kwamba anayetaka kuuza nje auze unga. Machi 2021 katazo lilitoka upande wa pili: Kenya iliyazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ikalegeza baada ya siku chache kwa masharti. Kila katazo lina athari ileile. Soko rasmi linanyamaza, na pikipiki zinaanza kunguruma usiku kwenye njia za panya, gunia mojamoja.

Mpaka wenyewe umelainika. Tangu mwaka 2016 Holili na Taveta zina kituo cha pamoja, ambapo lori hukaguliwa mara moja na maofisa wa nchi zote mbili badala ya kupanga foleni mbili, na upande wa Kenya barabara ya Taveta hadi Mwatate, iliyokuwa balaa la vumbi na tope, imepata lami. Mombasa imesogea. Wengine wanaogopa kwamba lori lisilosimama halinunui chakula. Hofu hiyo si ya Himo peke yake. Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, kuna kijiji kiitwacho Breezewood kilichotajirika kwa sababu barabara kuu mbili ziliachwa bila kuunganishwa moja kwa moja: sheria ya zamani ilikataza fedha za serikali kuu kuunganisha barabara huria na ile ya kulipia. Madereva wanalazimika kushuka, kupita kwenye taa za kawaida mbele ya vituo vya mafuta, moteli na migahawa, kisha kurudi kwenye mwendo kasi. Kila mtu hulalamika, na kijiji kinaishi kwa malalamiko hayo.

Himo ina nafuu kuliko Breezewood, kwa kuwa haitegemei dereva pekee. Kinachoilisha zaidi ni ule mshono wa zamani, wa juu na chini. Siku ya soko mikungu ya ndizi, mishare ya mtori kwa wingi, inashuka kutoka Kilema na Mwika. Mahindi, vitunguu, dagaa na mitumba vinapanda. Wapare wa Mwanga, Wakahe, Wamasai, Wakamba na Wataveta wanakutana na Wachaga, na wote wananunuliana kwa Kiswahili chenye lafudhi sita. Mama wa Marangu anashusha ndizi na kupandisha mahindi, kama bibi yake, tofauti ikiwa kwamba sasa yuko juu ya bodaboda na simu yake imeshamwambia bei.

Na kila Desemba mji unavimba. Wachaga walioko Dar, Mwanza, Dodoma na ughaibuni wanarudi nyumbani kula Krismasi, kuwatembelea wazee, kukarabati makaburi na kuchinja. Magari binafsi yanajipanga Njia Panda, trafiki wanaelemewa, mbuzi wanapanda bei kwa kasi kuliko abiria wanavyopanda mlima. Pesa inayoachwa Himo katika majuma hayo mawili, kwa mafuta, nyama, saruji na soda, inawatosha wenye maduka wengi kulipa kodi ya pango la miezi kadhaa.

Januari mabasi yaleyale yanageuza pua. Mikungu inafungwa juu ya mabegi, mtu anasukumiwa kifurushi cha mahindi mabichi dirishani na mama yake aliyeshuka naye kutoka mlimani, konda anapiga bodi ya basi mara mbili, na mama anabaki kando ya lami hadi basi lipotee upande wa Mwanga, kisha anatafuta Noah ya kupanda.